Kabla Hujalipa, Panda Darini

Maneno haya niliyasema kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama cha akiba na mikopo cha watumishi, hapa Dodoma. Baadhi ya wanachama waliokuwa kazini siku ile waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa chama, wazee wangu shikamooni, na wanachama wenzangu wote: mbukwenyi!

Asanteni sana.

Katibu aliniomba nizungumze kuhusu mikopo ya nyumba. Nilimjibu kwamba habari za riba na makato wapo humu ndani wanaozijua kuliko mimi. Mimi ni mhandisi wa majengo. Kazi yangu kwa miaka 12 sasa ni kuingia katika nyumba ambayo mtu anataka kuinunua, au ambayo tayari anaishi, kisha kumweleza kilichomo ndani ya kuta, juu ya dari na chini ya sakafu. Kwa hiyo nitazungumza juu ya ukaguzi wa nyumba. Na nianze kwa kusema wazi ninachokitaka: chama hiki kisimkabidhi mwanachama hundi ya kununulia nyumba mpaka nyumba hiyo iwe imekaguliwa na mtu mwenye ujuzi, ambaye hapati hata shilingi moja nyumba ikiuzwa.

Niwaambie kwa nini jambo hili linanichoma.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Alistaafu mwaka 1997, na kiinua mgongo chake chote alikiweka kwenye nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa mji huu. Tulikwenda kuiona mwezi wa Agosti, mimi nikiwa sekondari, mdogo wangu akiwa darasa la tatu. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, bado inanukia. Baba alizunguka vyumbani, akafungua bomba, akaugonga mlango wa mbele kwa kiganja na kusema huu ni mninga. Mdogo wangu alibaki uani. Ardhi pale ilikuwa ya kijivu iliyoiva, imepasukapasuka, na yeye alikuwa akichomeka fimbo kwenye zile nyufa kuona itazama kiasi gani. Fimbo ilizama hadi mkononi mwake. Dakika 20 hazikufika tukaondoka, na wiki iliyofuata baba akalipa.

Wenye umri wangu mnazikumbuka mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa mwaka ule na kuendelea hadi 1998. Januari, mlango wa chumba cha wazazi ukagoma kufunga. Februari, ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha la sebuleni, ukapanda kwa mshazari. Fundi alipobandua lipu tukagundua kwamba lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta kwa juu, haikuzunguka nyumba nzima. Ilikuwa imewekwa juu ya milango na madirisha tu, na katikati ni tofali tupu. Kufikia Pasaka, ukikaa sebuleni uliona mwanga wa nje kupitia ukutani.

Baba alimfuata aliyemuuzia. Akajibiwa kwamba nyumba aliiona kwa macho yake mwenyewe, na hakulazimishwa. Baba hakuwa na la kusema, maana ni kweli aliiona. Miaka yake yote iliyobaki, kila mvua zilipokatika, alinunua saruji na kuuziba ufa uleule. Alipofariki, mimi na mdogo wangu tulikaa tukakadiria fedha zilizomezwa na ukuta ule. Zingejenga nyumba nyingine ndogo.

Zile nyufa za ardhi alizokuwa anachezea mdogo wangu ndizo zilizokuwa taarifa kamili ya nyumba ile. Zilikuwa wazi, mchana kweupe. Alikosekana mtu wa kuzisoma tu.

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji huu limetokana na neno idodomya, yaani amezama. Tembo alikwenda kunywa maji kijitoni, akakwama kwenye tope, akazama, na mahali pale pakaitwa kwa lililompata. Huikumbuka hadithi hii kila ninaposimama kwenye kiwanja chenye udongo mweusi au wa kijivu, ule tunaouita udongo wa mbuga. Udongo huu ukinywa maji huvimba, ukikauka hunywea. Februari unaisukuma nyumba juu, Septemba unaiachia ishuke. Tena hauisukumi yote kwa pamoja. Kona yenye bomba linalovuja, au upande ambao maji ya paa humwagikia ukutani kwa kukosa gata, hunyanyuka kuliko katikati ya nyumba. Ukuta wa tofali hauwezi kupinda kufuata mwendo huo, kwa hiyo unapasuka.

Si Dodoma yote iliyo hivyo. Tuna maeneo makubwa ya udongo mwekundu wenye kichanga, na tuna miamba ya matale iliyochomoza hadi kwenye baraza za watu. Lakini udongo wa mbuga hupita katikati ya viwanja kama mkanda. Jirani yako anaweza kukaa miaka 20 bila ufa, nawe ukapasukiwa mwaka wa kwanza, na kati yenu kuna uzio tu. Ndiyo maana dalali akiniambia eneo lote hili ni zuri, mimi huomba jembe. Huchimba shimo la kina cha goti karibu na msingi, nikatazama udongo, nikaufinyanga kwa maji kidogo mkononi. Mwenye udongo wa mbuga anaweza kujenga na akakaa vizuri, ila ni lazima awe amechimba na kuuondoa udongo ule, akajaza changarawe au moramu, akaweka nondo za kutosha kwenye msingi, na akatengeneza sakafu ya nje kuzunguka nyumba ili maji yasiusogelee ukuta. Mambo hayo yote mkaguzi anaweza kuyatafuta na kukuambia kama yamefanyika.

Kuhusu nyufa zenyewe, sitaki mtoke hapa mkiogopa kila mchirizi ukutani. Ufa mwembamba kama unywele, unaotambaa ovyo kwenye lipu na usiofika milimita 1, mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka kwa jua letu hili. Paka rangi uendelee na shughuli zako. Ninaoutafuta mimi ni ule unaoanzia kona ya dirisha au mlango ukapanda kwa mshazari, ambao mwisho mmoja ni mpana kuliko mwingine, na ambao ukizunguka upande wa pili wa ukuta unaukuta na huko. Huo umepita kwenye tofali. Ukizidi milimita 5 naanza kuiuliza nyumba nzima maswali upya: milango inafunga? Sakafu imelala sawa kwenye pima maji? Na ukuta mmoja ukipakwa rangi mpya huku mitatu imebaki na rangi ya zamani, huo mmoja ndio nitakaokaa nao muda mrefu.

Mwenye nyumba anaweza kuufuatilia ufa mwenyewe. Chora kistari cha penseli pale unapoanzia na pale unapoishia, pima upana wake kwa rula, andika tarehe pembeni. Rudi baada ya miezi mitatu, kisha uone tena mvua zikikatika. Usiosogea unazibwa. Unaosogea, tafuta kwanza kinachousogeza.

Nilipokuwa nimekaa pale nikisubiri zamu yangu, nimeuona mmoja humu ukumbini, ukuta wa kushoto kwangu, juu ya dirisha la pili. Tutaurudia.

Sasa nipande juu, maana kichwa cha mazungumzo yangu ni dari. Nikiulizwa nitaje jambo moja ambalo wanunuzi wa nyumba Dodoma hawalifanyi, nitasema hilo. Mtu ataangalia vigae vya jikoni, atafungua kabati, atauliza kama kuna luku, lakini kile kimlango cha dari hakigusi. Na huko juu ndiko fundi mvivu alikofichia uvivu wake, kwa sababu anajua hakuna atakayepanda.

Nikipanda naangalia kenchi, yaani zile mbao zinazobeba paa. Mbao zetu nyingi zinatoka nyanda za juu kusini, za misonobari, na misonobari bila dawa ni chakula cha mchwa. Mbao iliyotiwa dawa vizuri, dawa imeingia hadi ndani. Ukiikata unaona rangi imepenya. Ile iliyopakwa kwa brashi siku moja kabla ya kuuzwa, rangi imebaki juu kama vumbi, na ukiikwangua kwa kisu unaukuta ubao mweupe. Natafuta vile vinjia vya udongo, vya upana wa penseli, vinavyopanda ukutani kutoka chini. Huo ndio mchwa wenyewe, anasafiri amejifunika ili jua lisimkaushe. Ukikuta kinjia cha aina hiyo ndani ya stoo, usikifute tu kwa ufagio. Kifuate kinapokwenda.

Halafu naangalia namna paa lilivyoshikwa. Hapa kwetu kuanzia Juni hadi Oktoba upepo hauna huruma, nanyi mnaufahamu. Upepo ukiingia chini ya upenu hulinyanyua paa kama mtu anavyonyanyua sinia. Kinacholizuia ni nondo au mikanda ya chuma iliyozamishwa kwenye lenta na kukunjwa juu ya mbao inayolala ukutani. Mwaka juzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniita nikamwonee nyumba upande wa Chamwino. Nyumba ya kupendeza kweli, kuta zimenyooka, msingi mzuri kwenye udongo mwekundu. Nikapanda darini na tochi, nikazunguka kona zote nne, sikuona hata nondo moja. Paa zima lilikuwa limekaa juu ya ukuta kwa uzito wake na misumari michache. Bati nalo lilikuwa geji 30. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo bati zuri. Ni kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Yule mwalimu aliniuliza, dada, niache? Nikamwambia, usiache, nyumba hii chini ni imara. Mpelekee mwenye nyumba ripoti na picha. Walikaa, wakajadili, bei ikashuka kwa shilingi milioni 6. Akazitumia kufunga paa kabla hajahamia. Nimesimulia hili kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wanafikiri mkaguzi kazi yake ni kuharibu biashara. Katika nyumba ninazokagua, chache sana huwa namshauri mtu aziache. Nyingi zina kasoro zinazorekebishika, na mnunuzi anatakiwa azijue wakati fedha bado ziko mfukoni mwake.

Kuna jambo la pekee la mji wetu ambalo naomba mnivumilie nilieleze vizuri: maji. Zege na tofali za saruji hazipati nguvu kwa kukauka. Zinapata nguvu kwa sababu saruji inaungana na maji, na muungano huo unachukua siku nyingi. Zege inatakiwa kumwagiliwa kwa angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa ikifikisha siku 28. Sasa fikirini ujenzi wa hapa. Mvua yetu ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mji umetegemea kwa miaka mingi visima vya Makutupora, na mgao tunaujua. Anayejenga mahali ambapo bomba halijafika ananunua maji kwa boza. Likifika boza la lita elfu kadhaa, fundi atachanganyia zege, atajaza mapipa ya kunywa, na kumwagilia atamwagilia siku ya kwanza. Siku ya pili jua la saa saba linakuwa limeshanyonya kila kitu. Zege inaonekana ngumu, lakini nguvu iliyotarajiwa haipo, na haiwezi kurudi hata ukimwagilia mwaka ujao.

Wengine huchota maji kwenye visima vya jirani vyenye chumvi. Chumvi ile hubaki ukutani. Ndiyo inayopanda na kutoka nje kama unga mweupe, ikibandua rangi na lipu kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Mnaiita fangasi, nanyi mnaipaka rangi kila mwaka. Rangi haitaitibu. Kama chini ya ukuta haikuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu kutoka ardhini, unyevu utaendelea kupanda na chumvi itaendelea kuja nao. Na chumvi hiyohiyo ikifika kwenye nondo inaharakisha kutu.

Kipimo changu cha kwanza cha saruji kwenye nyumba ambayo haijapigwa lipu, au nyuma ya nyumba ambako lipu haikufika, ni ufunguo wa mlango. Nakwangua katikati ya tofali na tofali. Ikimwagika kama mchanga wa mtoni, basi. Baada ya hapo ndipo natoa vifaa vingine.

Mnajua vizuri jinsi mji huu ulivyokua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 mambo yalikwenda taratibu. Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali yote inahamia. Mwaka uliofuata CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikavunjwa, na Aprili 2018 tukawa jiji. Watumishi walikuja kwa mabasi na malori ya mizigo, na kila mmoja alihitaji mahali pa kulala. Nyumba zikaota Ilazo, Iyumbu, Nzuguni, Kisasa, Mkonze, Nala. Nyingi zilijengwa na watu waaminifu. Lakini nyumba iliyojengwa ili iuzwe ndani ya miezi minne, kiangazi, kwa maji ya boza, mimi siwezi kuiamini kwa kuitazama tu, na ninyi pia msiiamini hivyo.

Umeme nitaugusa kidogo, ingawa unaua haraka kuliko ufa. Waya wa arthi unatakiwa kuupeleka umeme uliopotea ardhini. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri. Fimbo ya arthi iliyochomekwa futi chache kwenye udongo wetu wa Oktoba inaweza kuwepo na isifanye kazi. Mwombeni fundi umeme mwenye leseni aipime wakati wa kiangazi, kwa kifaa. Akikuambia ameiona kwa macho tu, hajaipima. Na ukiona soketi ya jiko la umeme au ya hita ya maji imefungwa kwa waya wa milimita za mraba 1.5, ambao ni wa taa, usilale mle ndani mpaka ubadilishwe.

Choo na karo la maji taka: ulizeni liko wapi, na lile la zamani lilikuwa wapi. Nimekuta chumba cha watoto kimejengwa juu ya shimo la choo lililofukiwa kwa taka. Kama uani kuna kisima, pimeni kwa hatua kutoka kisimani hadi kwenye karo. Mita 30 ndiyo tunayoitaka.

Sasa, ni nani huyu mkaguzi? Hapa pana mkanganyiko unaowagharimu watu.

Benki au chama kikimtuma mthamini, yule anakuja kujibu swali moja: nyumba hii ina thamani ya shilingi ngapi sokoni. Ni kazi ya heshima na ina bodi yake. Lakini hakutumwa kupanda darini wala kuchimba msingi. Mwanachama anashika ripoti ya mthamini yenye muhuri, anasema nyumba yangu imekaguliwa. Haijakaguliwa. Wakili naye, au mtu aliyekufanyia upekuzi ofisi ya ardhi, anakuambia kama hati ni halali, kama kiwanja kina deni au zuio. Hilo ni la lazima na msiliruke. Nalo halisemi chochote juu ya nondo.

Dalali simlaumu. Analipwa mauzo yakifanyika, na mtu anayelipwa mauzo yakifanyika hawezi kuwa ndiye anayekuambia usinunue. Vivyo hivyo fundi wa muuzaji, na vivyo hivyo binamu wa dalali ambaye eti ni injinia. Mimi naongeza na wa nne, ambaye watu hawamfikirii: mkaguzi ambaye akimaliza kukagua anakuambia, mama, kazi ya kurekebisha nipe mimi. Huyo kila kasoro atakayoiona kwake ni mradi. Mimi nikikagua nyumba siikarabati. Nampa mteja ripoti, anaondoka nayo kwa fundi anayemtaka.

Marekani wakaguzi wa nyumba walianzisha chama chao cha kitaifa mwaka 1976, na huko ni jambo la kawaida mnunuzi kuweka sharti la ukaguzi ndani ya mkataba. Hapa kwetu kazi hii inafanywa na wahandisi na wataalamu wa majengo, na mtu yeyote anaweza kujiita mkaguzi wa nyumba na kuchapisha kadi. Kwa hiyo ulizeni namba ya usajili. Mhandisi ana namba ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mbunifu majengo na mkadiriaji majenzi wana bodi yao pia. Hakikisheni namba hiyo kwenye bodi yenyewe, msiitazame kwenye kadi peke yake. Kisha ulizeni: utapanda darini? Utanipa ripoti ya maandishi yenye picha? Naweza kuwepo wakati unakagua? Anayekukatalia swali hilo la mwisho, achana naye. Mimi hupenda mteja awepo, na kama ni mume na mke waje wote, kwa sababu saa tatu za kutembea na mimi ndani ya nyumba zinamfundisha mtu zaidi ya kurasa 30 nitakazomwandikia.

Na niseme ukweli kuhusu mipaka yetu. Sivunji ukuta wa mtu ambaye bado hajauza. Kilichofukiwa siwezi kukiona; naweza kusoma dalili zake tu. Ripoti yangu inaeleza nyumba ilivyokuwa siku ile, na haikuhakikishii kwamba bomba halitapasuka mwaka kesho. Anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Mtauliza gharama. Mimi binafsi sijawahi kutoza ada inayofikia nusu ya anachochukua dalali kwenye nyumba hiyohiyo, na dalali mnamlipa bila kulalamika. Lakini ada haina maana kama ukaguzi unakuja baada ya fedha kutoka. Kwa hiyo utaratibu uwe hivi: mkikubaliana bei, andikeni kwenye mkataba kwamba mnunuzi ana siku kadhaa, tuseme 14, za kukagua, na kwamba kasoro kubwa ikionekana kianzio kinarudishwa au bei inajadiliwa upya. Muuzaji asiye na la kuficha hukubali. Wapo wanaokasirika wakiona sharti hilo, na mimi hasira hiyo huiandika kwenye daftari langu pamoja na mambo mengine niliyoyaona.

Kwa mliokwisha kununua au kujenga, hamjachelewa. Waliotutangulia katika nchi hii ya Ugogo waliishi kwenye tembe: nyumba fupi, paa bapa lililofunikwa udongo juu ya miti. Ufupi ule uliifanya isinyanyuliwe na upepo. Lakini paa la udongo haliwezi kusahauliwa. Lazima liangaliwe kabla ya mvua, udongo uongezwe palipobonyea, mti uliooza ubadilishwe. Bati lilipokuja tukadhani tumepumzika na kazi hiyo. Naomba tuirudishe. Kila Novemba, kabla mawingu hayajakusanyika, panda na tochi. Safisha gata. Tazama kama mvua ya mwaka jana iliacha madoa kwenye dari. Zunguka nje uone maji yataelekea wapi. Na kila baada ya miaka mitatu hivi, mwite mtaalamu afanye mzunguko kamili.

Na wale mlionunua nyumba mpya kwa mjenzi au shirika, someni mkataba mtafute kipindi cha uangalizi. Mara nyingi ni miezi 6 au 12, ambayo kasoro za ujenzi mjenzi anarekebisha kwa gharama yake. Watu wanaikumbuka ikiwa imekwisha. Mwezi mmoja kabla haijaisha, fanyeni ukaguzi, andikeni orodha, ipelekeni kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na kama kipindi hicho kimepita bila masika hata moja ndani yake, basi mnunuzi hakupewa nafasi ya kuijaribu nyumba. Hilo ni jambo ambalo chama hiki, chenye wanachama wengi na fedha nyingi, kinaweza kulidai kwenye mikataba: kipindi cha uangalizi lazima kivuke mvua moja kamili. Mtu mmoja mmoja hatasikilizwa. Ninyi mtasikilizwa.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa, na ni haki yako. Ombi langu kwa kamati ya mikopo nimeliandika ukurasa mmoja, nitamkabidhi Katibu. Linasema: pamoja na ripoti ya mthamini na upekuzi wa hati, mwombaji wa mkopo wa nyumba alete ripoti ya ukaguzi, na ada yake iweze kuingizwa ndani ya mkopo.

Nilisema tutaurudia ule ufa. Juu ya dirisha la pili, upande huu. Kutoka hapa unaonekana unaanzia kona na kupanda, lakini sijauona kwa nje, na bila kuuona kwa nje siwezi kuwaambia kama ni lipu au ni ukuta. Ninayo tochi, rula na penseli. Wakati chai inaandaliwa, wanaotaka kujifunza tuzunguke nyuma ya ukumbi tukauangalie, tuupime, tuandike tarehe ya leo. Mkutano ujao tutaupima tena.